Michezo ya Kuigiza Inapokwama Darasani: Dalili, Sababu na Marekebisho

Mwalimu anayejaribu michezo ya kuigiza kwa mara ya kwanza hurudi katika chumba cha walimu na moja kati ya malalamiko mawili: ama darasa lilitulia kama maji mtungini pale alipotaka sauti, ama lilimtoka mkononi na hakuweza kulirudisha. Malalamiko hayo hufuatiwa upesi na hukumu juu ya wanafunzi, kwamba hawa ni waoga na wale ni watundu. Mwongozo huu umeandikwa kwa msimamo ulio kinyume. Katika hitilafu nyingi, kilichoharibika ni maelekezo, ukubwa wa kikundi au mpangilio wa nafasi, na yote hayo yako mikononi mwa mwalimu. Tabia ya wanafunzi ichunguzwe mwisho, baada ya hayo mengine kukaguliwa.

Michezo inayozungumziwa hapa ni ile mifupi yenye kanuni chache, inayochezwa na darasa zima au na vikundi: kioo, picha tuli, mashine, kiti moto, kuganda, na ufaraguzi (kuigiza papo hapo bila mswada) wa dakika mbili tatu. Tamthilia yenye mswada, maleba na hadhira ina matatizo yake, na hayamo humu.

Chini ya kila dalili, sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi. Rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mchezo, vikundi na mahali kwa pamoja, na kipindi kikaenda vizuri, hutajua ni dawa ipi iliyoponya, na wiki ijayo utaanza upya.

Dalili ya 1: Maelekezo yametolewa, hakuna anayeanza

Sababu ya kwanza, na inazipita nyingine zote kwa mbali, ni maelekezo marefu. Mwalimu ametaja kanuni sita mfululizo, na walipofika ya tatu wanafunzi walikuwa wamekwisha kuisahau ya kwanza. Ukaguzi wake ni rahisi: mwombe mwanafunzi aliyekaa nyuma, wala si yule hodari wa siku zote, aseme kitu cha kwanza kitakachofanyika. Akishindwa, usirudie maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Waite wanafunzi wawili, ucheze nao kwa nusu dakika mbele ya wenzao, kisha uwaruhusu wote waanze, kwa kuwa mchezo hueleweka kwa macho kuliko kwa masikio. Toa kanuni zinazotosha kuanzia tu, na nyingine uziongeze mchezo ukiwa unaendelea. Katika mchezo wa kupitisha kofi kwenye duara, mzunguko wa kwanza kofi liende kulia tu. Wa pili liruhusiwe kurudishwa lilikotoka. Wa tatu liweze kurushwa upande wa pili wa duara kwa kumtazama anayerushiwa.

Sababu ya pili ni kuanikwa. Mchezo unamtaka mtu mmoja atoke mbele huku wengine wote wakimkodolea macho, jambo ambalo hata walimu wenzetu hulikwepa katika semina. Hapo badilisha umbo la mchezo, si mchezo wenyewe: wote wacheze kwa wakati mmoja, wawili wawili, pasiwe na mtazamaji hata mmoja. Kioo kinafaa sana kwa kuanzia. Wawili wanatazamana, mmoja anasogeza mikono na uso polepole, mwenzake anamfuata kama taswira yake kwenye kioo, na baada ya dakika moja wanabadilishana. Hakuna anayesema neno, na ni vigumu mtu kuonekana amekosea. Baada ya vipindi vitatu au vinne vya namna hiyo ndipo nusu ya darasa iitazame nusu nyingine, na kumtoa mtu mmoja mbele kuje baadaye kabisa.

Sababu ya tatu ni lugha. Utaitambua kwa kuwa wanafunzi walewale hucheza vizuri michezo ya mwili lakini huwa mabubu mara tu maneno yanapohitajika. Waandikie ubaoni vianzio vya sentensi, kama vile «Sikukubali kwa sababu…» au «Kabla hujaondoka, naomba…», na uwape dakika mbili za kujipanga kwa lugha wanayoimudu kabla ya kuigiza kwa lugha ya somo. Vilevile waweza kuwaacha waigize tukio kwanza kwa maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, wakitegemea toni ya sauti na ishara, kisha walirudie kwa maneno halisi. Mara nyingi kinachofanywa mara ya pili huwa na uhai zaidi.

Sababu ya nne ni ile ambayo mimi mwenyewe nilichelewa kuigundua. Kwa wiki tatu nililiona darasa fulani kuwa zito, hadi msichana mmoja aliponiuliza mlangoni, «Mwalimu, hizi alama zinaingia kwenye ripoti?» Hapakuwa na alama zozote. Kulikuwa na daftari nililolishika mkononi na kuandika ndani yake huku wakicheza, nikikusanya mambo ya kujadili, na wao walidhani ninawapima. Kipindi kilichofuata niliacha daftari mezani, na kelele za kawaida za watoto wanaocheza zikarejea. Kama unahitaji kumbukumbu, andika baada ya kipindi, na waambie wazi mwanzoni kwamba hakuna alama.

Sababu iliyo nadra ni kwamba wanafunzi wanaogopana wenyewe kwa wenyewe. Dalili yake ni kwamba, kabla ya kufanya lolote, macho yao huwaendea watu walewale wawili au watatu. Hilo halitibiwi kwa mchezo. Soma dalili ya 7.

Dalili ya 2: Kelele zinapanda na darasa halirudi

Kwanza amua kama kweli kuna hitilafu. Kisogelee kikundi kimoja na usikilize kwa sekunde kumi. Ikiwa wanabishana juu ya nani asimame wapi, hiyo ni kelele ya kazi, na pengine dawa yake ni kumtaarifu mwalimu wa darasa la jirani mapema. Ikiwa wanazungumza mambo mengine kabisa, endelea na ukaguzi.

Sababu ya kawaida ni kukosa ishara ya kusimamisha, au kuwa nayo bila kuifanyia mazoezi. Mwalimu anayepaza sauti ili kuzima kelele huongeza sauti moja juu ya arobaini zilizopo. Chagua ishara inayoonekana au yenye mdundo: unanyoosha mkono na kila anayeuona ananyoosha wake na kunyamaza, au unapiga makofi kwa mpigo fulani na darasa linajibu kwa mpigo uleule. Ishara hiyo ifanyiwe mazoezi kabla ya mchezo wowote. Waruhusu watembee na kuzungumza, toa ishara, hesabu sekunde, kisha rudia hadi darasa zima litulie ndani ya sekunde tano. Mazoezi hayo ni mchezo tayari, maana kuganda katikati ya mwendo na kushikilia umbo bila kutikisika ni stadi ya uigizaji. Kosa linaloiharibu ishara nzuri ni la mwalimu kuanza kusema wakati watu watatu bado wananong'ona. Mara mbili za namna hiyo zinatosha kuwafundisha kwamba ishara haina maana.

Sababu ya pili ni kusubiri. Fanya hesabu kabla ya kuchagua mchezo: wanafunzi 50 wakipeana zamu za nusu dakika, mzunguko mmoja utachukua dakika 25, na kila mmoja atafanya kazi kwa sekunde 30 na kukaa bure kwa dakika 24 na nusu. Hakuna mtu, mtoto wala mtu mzima, atakayetulia hivyo. Gawa duara moja liwe matano yanayocheza kwa pamoja. Michezo ya kutoana nje ina ubaya uleule, tena zaidi, kwa sababu wanaotolewa mapema ni walewale waliohitaji mazoezi, nao hugeuka kuwa umati usio na kazi ukutani. Badilisha kanuni ili anayekosea ahamie nafasi nyingine katika duara, au apewe mwendo mpya wa kuongeza kwenye mchezo, lakini asitoke.

Sababu ya tatu ni mfuatano mbaya wa michezo. Mwalimu ametoka kwenye mchezo wa kasi na kuingia moja kwa moja kwenye mjadala, naye anashangaa kwamba miili bado inaruka. Shusha kasi kwa hatua, kuanzia mchezo wa haraka, kisha wa polepole, kisha wa kunong'ona, ndipo mkae. Mchezo wa kuhesabu hadi 20 hufanya kazi hiyo vizuri: wote wanasimama karibu karibu wakitazama sakafu, mtu yeyote anataja namba inayofuata bila zamu wala ishara, na wawili wakitaja kwa pamoja hesabu huanza tena kwenye 1. Darasa litajinyamazisha lenyewe, kwa kuwa kelele huwakosesha ushindi.

Sababu ya nne ni nafasi, na hapa ndipo panapohitaji ukali.

Simamisha mchezo mara moja ikiwa kuna kukimbizana, kufumba macho au kurudi kinyumenyume katika chumba chenye madawati, kona kali au sakafu yenye maji. Usisubiri mtu aumie ndipo useme. Mtu akigonga kichwa, asirudi kucheza siku hiyo hata kama anacheka na kusema yu mzima. Na ikiwa alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anatapika, anasinzia isivyo kawaida, anachanganyikiwa au anaumwa kichwa kinachozidi, apelekwe hospitali bila kuchelewa na wazazi wajulishwe. Mchezo wa kujiangusha kinyumenyume ili udakwe na wenzako usiufanye kabisa na darasa. Najua unapendwa kwa madai kwamba hujenga kuaminiana, lakini imani hujengwa pia na kioo, ambacho hakivunji shingo ya mtu.

Dalili ya 3: Wawili wanaigiza, watano wanatazama

Hesabu watu. Kikundi cha saba au wanane huzalisha watazamaji hata kikiwa na nia njema. Wanne au watano ndio kiasi kinachofaa kwa kazi nyingi. Kikundi kikiwa na ukubwa unaofaa na hali ikabaki ileile, tazama kama kazi yenyewe inawahitaji wote. Ufaraguzi wa mazungumzo huwapa nafasi wasemaji wa haraka, ilhali picha tuli, ambamo kikundi kinaunda tukio kwa miili bila mwendo wala sauti, haikamiliki mmoja akibaki pembeni. Mashine nayo ni hivyo: mmoja anaanza mwendo na mlio unaojirudia, wa pili anaunganisha wake, wa tatu vivyo hivyo, mpaka kikundi chote kiwe chombo kimoja.

Anayetawala hana haja ya kunyamazishwa. Mpe kanuni inayomlazimu kusikiliza, kwa mfano kwamba kila mhusika ana sentensi tatu tu katika onyesho zima, na zikiisha ataendelea kwa mwili. Msemaji atazitunza sentensi zake, na mkimya atajikuta ana haki sawa na yeye. Kuhusu namna ya kugawa vikundi, wahesabishe 1 hadi idadi ya vikundi unavyotaka (darasa la 50 lihesabu 1 hadi 10), na wenye namba ileile wakae pamoja. Usiwaache viongozi wachague watu wao mmoja mmoja, maana daima kuna anayebaki wa mwisho na darasa zima humwona. Tupia jicho pia majukumu yanavyogawanywa baada ya hapo. Ikiwa wasichana wanapewa kila mara wahusika wa kuleta na kutii, au mtoto yuleyule ndiye mwizi siku zote, waambie wabadilishane wahusika na warudie tukio.

Dalili ya 4: Mwanafunzi mmoja anakataa kushiriki

Usimwulize sababu mbele ya wenzake. Sababu nyingi ni nyepesi: kachoka, haelewi, au amegombana asubuhi na yule aliyepangwa naye. Nyingine ni nzito kidogo: hapendi kuguswa, imani ya familia yake haimruhusu kushikana mikono na jinsia nyingine, au mchezo ulipangwa bila kuufikiria mwili wake. Kwa hiyo weka kanuni tangu siku ya kwanza kwamba kila mtu ana haki ya kusema «napita» bila maelezo, na kwamba anayepita hupewa kazi halisi: kushika saa, au kutazama kwa swali moja maalumu na kulijibu wakati wa mjadala. Wengi wanaopita leo huomba kuingia kipindi cha pili wenyewe.

Penye ulemavu, badilisha mchezo kwa wote badala ya kumtafutia mmoja mchezo wake wa pembeni. Kwa asiyeona vizuri, kioo kigeuzwe kuwa mwangwi, ambamo sauti hufuatwa badala ya mwendo. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, agizo liwe «sogeeni» badala ya «tembeeni», na njia kati ya madawati ipimwe kabla.

Omba msaada wa mshauri nasaha ikiwa kukataa kunaendelea kwa wiki kadhaa na kunaambatana na mabadiliko mengine: utoro, kujitenga wakati wa mapumziko, kushuka kwa kazi za masomo yote. Hapo kukataa mchezo ni dalili tu, na chanzo kiko nje ya kipindi chako.

Dalili ya 5: Walifurahi sana, lakini hakuna walichojifunza

Hii ndiyo hitilafu inayoipa michezo ya kuigiza sifa mbaya mbele ya wakuu wa shule na wazazi, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki.

Anza na saa. Katika kipindi cha dakika 40, mpango unaowezekana ni dakika 5 za kupasha mwili, 20 za mchezo mkuu pamoja na kuhamisha madawati, 10 za mjadala, na 5 za kuandika. Mchezo ukichelewa, walimu wengi hula dakika za mjadala, ilhali mjadala ndio mahali ambapo mchezo hugeuka kuwa somo. Ukibanwa, punguza mizunguko au uache kupasha mwili, na zile dakika 10 zibaki kama zilivyo.

Kama muda ulikuwepo, kagua swali uliloliuliza. «Mmeonaje?» hujibiwa «Vizuri», na mjadala umekufa hapo. Uliza kwanza kilichoonekana, kisha maana yake, na mwisho uhusiano wake na somo: Ni wakati gani mhusika huyu alibadilisha nia? Mwili wake ulionyesha nini kabla hajasema? Katika hadithi tuliyosoma, ni wapi jambo hilo hutokea? Swali la kwanza liwe jepesi kiasi cha kujibiwa na yeyote aliyekuwa na macho.

Sababu ya ndani zaidi ni mchezo usiofungamana na lengo la somo. Mwalimu aliupenda, akautafutia mahali pa kuuchomeka. Jipime kwa swali hili: ukiuondoa mchezo huo na kuweka mwingine wowote, je, somo lingebadilika? Kama lisingebadilika, mchezo huo ni burudani, jambo ambalo si dhambi, ila usiuandike kwenye andalio la somo kama njia ya kufundishia.

Chukua mfano wa sayansi, hali tatu za maji. Wanafunzi ni chembe. Katika barafu wanashika nafasi zao kwa mpangilio, wakitetemeka palepale. Katika maji wanakaribiana na kupishana bila kuachana. Katika mvuke wanatawanyika chumba kizima. Mwalimu anayeishia hapo amepata picha ya kupendeza tu. Anayeuliza, «Ulipogeuka kuwa mvuke, je, wewe mwenyewe ulinenepa?» amegusa kosa ambalo wanafunzi wengi hulibeba, la kudhani kwamba chembe zenyewe huvimba zinapopashwa moto, wakati kinachoongezeka ni nafasi kati yao. Na akitaka kueleza kwa nini barafu huelea, awaambie walio barafu wanyooshe mikono hadi kugusana viganja, ili waone kwa miili yao kwamba idadi ileile ya watu sasa inachukua eneo kubwa kuliko walipokuwa maji.

Katika fasihi, kiti moto hufanya kazi ya namna hiyo. Mwanafunzi anakaa kitini akiwa mhusika wa hadithi, na wenzake wanamhoji. Hitilafu yake ya kawaida ni majibu ya kubuni yasiyo na mguu katika hadithi. Ongeza kanuni moja: yeyote anaweza kusema «ukurasa gani?», na aliye kitini ataje mahali panapolitetea jibu lake, au akubali kwamba amekisia na aeleze kwa nini kisio hilo linawezekana. Weka watu wawili au watatu nyuma ya kiti ili wamsaidie akikwama.

Ikiwa haya yote yako sawa na kazi bado ni ya juujuu, jaribu kuingia mwenyewe. Dorothy Heathcote, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 2011, alijulikana hasa kwa njia hiyo ya mwalimu kuwa mhusika ndani ya mchezo. Ujanja uko katika kuchagua cheo. Ukiwa mfalme utaendelea kutoa amri kama kawaida. Ukiwa tarishi aliyepoteza barua, au mgeni asiyejua desturi za mji, wanafunzi watalazimika kukueleza, kukushauri na kuamua. Tumia alama ya wazi, kama skafu: ikiwa shingoni wewe ni mhusika, ikivuliwa wewe ni mwalimu. Kwa watoto wadogo alama hiyo ni ya lazima, kwa sababu baadhi yao huogopa kweli mwalimu wao anapobadilika bila kutangaza.

Dalili ya 6: Mchezo ulianza vizuri, ukafa katikati

Karibu kila mara umeuendesha kupita kiasi. Usimamishe wakati bado wanaomba mzunguko mmoja zaidi. Kama muda haukuwa mrefu, basi ugumu haukuongezeka, na dawa ni kuwatupia maagizo mafupi huku wakiendelea kucheza: «Polepole zaidi!», «Onyesha, usieleze!», «Mtazame mwenzako!» Viola Spolin, aliyefundisha michezo ya maigizo mjini Chicago katika karne iliyopita, aliifanya mbinu hii kuwa sehemu ya kazi yake, na sharti lake ni kwamba wachezaji wasisimame kumsikiliza mwalimu. Wakisimama, agizo lako lilikuwa refu mno.

Dalili ya 7: Mzaha umegeuka kejeli, au ugomvi wa kuigiza umekuwa wa kweli

Mara nyingi chanzo ni mada iliyo karibu mno na mtu anayejulikana. Kikundi kinaigiza «mwanafunzi mchafu» na darasa zima linajua ni nani. Kanuni ya kuzuia isemwe mapema: hatumwigizi mtu aliye katika shule hii, kwa jina, kwa sauti wala kwa mwendo. Ukiona kicheko kinaelekezwa kwa mtu ambaye hata hachezi, gandisha mchezo, toa mada nyingine, na zungumza na wahusika baadaye, faraghani.

Mapigano ya kuigiza yana kanuni zake: hakuna kugusana, hakuna kitu cha kushika mkononi, na mwendo ni wa polepole sana. Afadhali zaidi ni picha tuli mbili, moja ya kabla ya pigo na nyingine ya baada yake, pigo lenyewe likiachwa kwa mtazamaji. Wakubwa kwa wadogo, wengi hukubali kwamba picha hizo mbili husema mengi zaidi.

Penye darasa lililokomaa, waweza kutumia ukumbi wa majadiliano wa Augusto Boal wa Brazili, ambamo tukio fupi la uonevu huishia vibaya, huchezwa tena, na mtazamaji yeyote husema «simama», huchukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Ni zana yenye makali.

Usiendelee ikiwa tukio linalochezwa limetokea kweli kati ya wanafunzi waliomo chumbani. Usimweke aliyeonewa na aliyemwonea wacheze kisa chao mbele ya darasa, hata wakikubali wenyewe. Uonevu wa kweli unashughulikiwa kwa utaratibu wa nidhamu na ulinzi wa mtoto uliopo shuleni, na uongozi uhusishwe.

Dalili ya 8: Mwanafunzi analia, anaduwaa, au anatoa siri katikati ya mchezo

Sababu nyepesi hutangulia hata hapa: njaa, uchovu, au aibu ya kukosea mbele ya watu. Kuna nyakati, hata hivyo, ambapo tukio la kubuni limegusa msiba au jambo linaloendelea nyumbani. Huna haja ya kujua ni ipi ili uchukue hatua za kwanza. Toa ishara ya kusimamisha kwa utulivu uleule wa kila siku, bila kumwonyesha mtu kwa kidole. Wape wote kazi ya kuandika au kuchora kimya. Kisha mkaribie mwanafunzi huyo, kaa chini kidogo ya usawa wa macho yake, na umwulize tu kama angependa kubaki, kutoka kunywa maji, au kuwa na rafiki. Maswali ya «nini kilikupata?» hayana nafasi mbele ya darasa.

Hapa kazi ya mwalimu wa maigizo inakoma ikiwa mwanafunzi amedokeza kupigwa, kuguswa isivyofaa, au nia ya kujidhuru. Msikilize bila kumhoji, usimwahidi kwamba utaitunza siri, andika maneno yake kama alivyoyasema, na umwarifu siku hiyohiyo mtu mwenye dhamana ya ulinzi wa watoto shuleni. Aliye katika hatari ya kujidhuru asiachwe peke yake. Usimtafute anayetuhumiwa wewe mwenyewe. Tiba kwa njia ya maigizo ipo, nayo ni taaluma yenye mafunzo yake. Kujua michezo kumi na tano hakumfanyi mtu kuwa mtabibu.

Kwa upande wa kinga, weka umbali kati ya kisa na wachezaji: kipindi kingine cha historia, mji usio na jina, mhusika mwenye umri tofauti na wao. Na usiache kamwe kuvua uhusika mwishoni, yaani kukung'uta mikono na miguu, kuhama mahali ulipokuwa umesimama, kutaja jina lako halisi na jambo moja linalokutofautisha na mhusika uliyemcheza. Niliwahi kulipuuza hilo kwa sababu kengele ilikuwa imelia, na mvulana aliyekuwa amecheza msaliti kwa ustadi mkubwa aliitwa msaliti uwanjani hadi Ijumaa. Tangu hapo, aliyebeba mhusika anayechukiwa hutaja jina lake mwisho, na darasa zima humwitikia kwa jina hilo kabla ya yeyote kugusa mkoba wake.